Nani aliyekunywa Ruaha? Kisa cha ng'ombe wa Usangu

Ukitoka Makambako kwenda Mbeya, barabara kuu inaambaa na milima ya Kipengere na Uporoto upande wa kushoto, na kulia nchi inafunguka, tambarare, mpaka inapokutana na anga. Hiyo ndiyo Usangu. Njiani unavuka madaraja ya mito inayoshuka kutoka milimani: Mbarali pale Igawa, Kimani, Chimala, na Ruaha Mkuu wenyewe. Machi maji hupita chini ya madaraja hayo kwa ngurumo. Oktoba hupita machache, lakini hupita, kwa kuwa huko juu mvua ni nyingi na chemchemi hazikauki kirahisi.

Sasa yafuate maji hayo. Yanaingia bondeni, yanaenea katika kinamasi ambacho wenyeji wanakiita Ihefu, yanakusanyika tena kwenye mwamba wa N'giriama, yanatoka hapo kama mto mmoja na kuingia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Ukisimama Msembe, yalipo makao makuu ya hifadhi, mwezi uleule wa Oktoba, unakuta mchanga. Viboko wamebanana katika madimbwi machache, maji yamegeuka tope na kinyesi, samaki wanakufa, na tembo wanachimba mchanga kutafuta maji yaliyojificha chini. Tangu mwishoni mwa 1993 hali hii imekuwa ya kila kiangazi, mwaka mmoja wiki chache, mwaka mwingine miezi mitatu au zaidi.

Maji yaliyopita chini ya madaraja yalikwenda wapi? Mwaka 2006 serikali ilitoa jibu: mifugo imeyamaliza. Kwa jibu hilo maelfu ya watu walihamishwa pamoja na makundi yao ya ng'ombe. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu siku hizi swali la nyama na maji linazungumzwa sana, na mara nyingi linazungumzwa kwa takwimu moja tu iliyokatwa kutoka mahali fulani na kubandikwa mahali pengine. Usangu inatupa nafasi ya kuliuliza swali hilo hadi mwisho, kwa hesabu. Na jibu lilipokosewa, waliolilipia walikuwa watu na wanyama.

Mashitaka dhidi ya ng'ombe

Wasangu wenyewe walikuwa wafugaji tangu enzi za watawala wao wa jadi, akina Merere, kwa hiyo ng'ombe si mgeni katika bonde lile. Wageni ni baadhi ya wenye ng'ombe. Wamaasai wa kundi la Ilparakuyo waliingia katikati ya karne iliyopita, Wagogo na Wabarabaigi nao wakaja, na kuanzia miaka ya 1970 wakafika Wasukuma kwa wingi, wakiwa na mifugo, majembe ya kukokotwa na maksai, na hamu ya kulima. Waliifuata Ihefu kwa sababu ambayo mfugaji yeyote anaielewa: nchi nzima inapokauka mwezi wa Agosti, kinamasi bado kina majani mabichi.

Katika miaka ya 1990 mambo matatu yalitokea karibu pamoja. Mto ulianza kukatika ndani ya hifadhi. Bwawa la Mtera, bwawa la umeme lililo chini zaidi kwenye mto huohuo, lilishuka na nchi ikaingia katika mgawo wa umeme. Na watu wakaona, kwa macho yao, ng'ombe wengi sana Ihefu. Akili ya kawaida iliyaunganisha mambo hayo matatu. Ng'ombe anakula nyasi, ardhi inabaki uchi, kinamasi kinakauka, mto unakufa, Mtera haijai, taa zinazimika Dar es Salaam. Maelezo haya yalikuwa mepesi kusimulia na yalikuwa na mshitakiwa anayeonekana kwa macho. Mfereji wa maji uliojificha ndani ya mpunga hauonekani kutoka barabarani, lakini ng'ombe mia tano wakivuka barabara hakuna asiyewaona.

Mwaka 1998 sehemu ya bonde ilitangazwa kuwa Pori la Akiba la Usangu. Machi 2001, mjini London, Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi mbele ya dunia kwamba kufikia 2010 Ruaha Mkuu utakuwa unatiririka mwaka mzima. Ilikuwa ahadi nzuri, na naamini ilitoka moyoni. Kisha ukaja ukame wa 2005 na 2006, mgawo wa umeme ukawa mkali, na serikali mpya ikatoa mkakati wa hatua za haraka za kuhifadhi ardhi na vyanzo vya maji. Kuanzia Mei 2006 hadi 2007 operesheni ya kuwaondoa wafugaji ikaendeshwa Usangu. Makundi yalielekezwa kusini, Lindi na Kilwa, mamia ya kilomita. Mashirika ya haki za ardhi yaliandika habari za faini, mifugo iliyokamatwa, ndama waliokufa njiani, familia zilizotengana. Malalamiko yalikuwa mazito kiasi kwamba mwaka 2007 Rais Jakaya Kikwete aliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Othman Chande. Mwaka 2008 pori la akiba likaunganishwa na hifadhi, na Ruaha ikawa hifadhi ya taifa kubwa kuliko zote nchini kwa wakati ule, zaidi ya kilomita za mraba 20,000.

Tufanye hesabu ambayo haikufanywa

Idadi ya mifugo ya Usangu imebishaniwa tangu zamani. Wakati wa operesheni hesabu iliyotajwa sana ilikuwa laki tatu. Tuichukue hiyo. Ng'ombe wetu wa asili, kwa joto la kiangazi, hunywa kati ya lita 25 na 40 kwa siku. Tuseme 30. Laki tatu mara 30 ni lita milioni 9 kwa siku, yaani meta za ujazo 9,000. Zigawanye kwa sekunde 86,400 za siku moja na unapata takriban lita 104 kwa sekunde, sehemu moja tu ya kumi ya meta moja ya ujazo kwa sekunde.

Je, hicho ni kiasi kikubwa? Kipime kwanza kwa jua. Katika kiangazi cha Usangu maji yaliyo wazi hupoteza milimita sita hivi kwa siku kwa kukauka hewani. Kila kilomita moja ya mraba ya kinamasi inatoa meta za ujazo 6,000 kwenda angani kila siku. Kwa hiyo ng'ombe wote laki tatu wanakunywa sawa na jua linavyokunywa kutoka kilomita moja na nusu za mraba za Ihefu, na Ihefu hata mwisho wa kiangazi ni kubwa kuliko hapo mara nyingi.

Kipime kwa Mtera. Bwawa lile linaweza kuhifadhi maji ya kutumika yapatayo meta za ujazo bilioni 3.2. Ng'ombe laki tatu wakinywa mwaka mzima bila kukosa siku, wanamaliza milioni 3.3. Hiyo ni sehemu moja katika elfu. Hata mto wenyewe, ukikatika siku mia moja wakati ambapo ungepitisha meta moja ya ujazo kwa sekunde, Mtera inakosa milioni 8.6 tu, ambazo katika bilioni 3.2 hazifiki hata theluthi ya asilimia moja. Mtera hujazwa na mafuriko ya masika, na kuna wahaidrolojia walioonyesha kwamba matatizo yake ya miaka ya 1990 yalitokana kwa kiasi kikubwa na jinsi maji yalivyofunguliwa kati ya Mtera na Kidatu, bwawa jingine la umeme lililo chini yake. Kukauka kwa mto kiangazi ni msiba kwa viboko, kwa samaki na kwa watu wa kando ya mto. Chanzo cha mgawo wa umeme ni kingine.

Msomaji makini atanishika hapa. Atasema: watafiti wamekadiria kwamba hifadhi inahitaji walau nusu ya meta ya ujazo kwa sekunde itoke N'giriama ili mto usikatike. Ng'ombe wanakunywa sehemu ya kumi ya meta. Hiyo si moja ya tano ya mahitaji yote ya hifadhi? Ni swali la haki, na jibu lake liko katika umbile la Ihefu. Kinamasi ni kama beseni lenye tundu dogo ubavuni juu, na tundu hilo ni ule mwamba. Maji yakishuka chini ya ukingo wa mwamba hakuna kinachotoka, hata kama ndani ya beseni bado kuna maji mengi. Makadirio yaleyale yanasema ili itoke nusu meta, ziingie kama saba, maana zilizobaki zinakwenda kwa jua na kwa matete. Ukiwaondoa ng'ombe wote unalirudishia beseni moja ya kumi ya meta wakati linadai saba. Tena sehemu ya ng'ombe hao hawakuwa wakinywa Ihefu kabisa, bali kwenye mito ya juu, visima na malambo.

Basi zile saba zilikwenda wapi?

Mpunga

Kilimo cha umwagiliaji Usangu kilianzishwa na Wabaluchi waliofika kufanya biashara, katika miaka ya 1930 na 1940. Baada ya uhuru serikali ikaingia. Shamba la Mbarali lilijengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Wachina, hekta zipatazo 3,200. Shamba la Kapunga likafuata mwanzoni mwa miaka ya 1990, hekta 3,000 hivi, na baadaye Madibira. Pembeni mwa mashamba makubwa vikaota vijiji vya wakulima wadogo, majaruba yakaungana na majaruba, na mchele wa Mbeya ukapata jina unalolijua wewe na mimi. Ukikaanga vitunguu Dar es Salaam leo na kutaka wali unaonukia, unautafuta mchele wa huko.

Mpunga unapolimwa kwa kujaza maji huhitaji lita moja hadi mbili kwa sekunde kwa kila hekta. Shamba moja la hekta 3,000, likiwa kazini, linavuta meta tatu hadi sita za ujazo kwa sekunde. Hilo ni shamba moja peke yake, na ni mara thelathini hadi sitini ya kinywaji cha ng'ombe wote wa Usangu.

Lakini mpunga hulimwa masika, maji yakiwa tele, na hapo ndipo watu wengi hupotea njia. Tatizo halisi ni mifereji inayoendelea kunywa baada ya mavuno. Mradi wa utafiti ulioitwa SMUWC, uliofadhiliwa na Uingereza kati ya 1998 na 2002, ulitembea bondeni ukapima, na ulichokiona ni kwamba chanzo kikuu cha kukatika kwa mto ni maji yanayochepushwa kiangazi. Mradi uliofuata, RIPARWIN, ulifika palepale. Maana yake ni kwamba serikali ilikuwa na majibu haya mezani miaka minne au mitano kabla ya operesheni ya 2006. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote katika kisa hiki.

Na humo ndani kuna jambo ambalo lingemshangaza hata mhandisi. Zamani mkulima alikinga mto kwa mawe, matawi na tope. Banio la namna hiyo linavuja, na kila mafuriko yanalibomoa. Lilikuwa kero kwake, lakini mto uliponea katika uvujaji huo: kiangazi maji yalipenya katikati ya mawe yakaendelea na safari. Kisha wakaja wafadhili na serikali, wakaboresha. Wakajenga mabanio ya zege yenye malango ya chuma. Walitaka kuongeza ufanisi, na nia ilikuwa njema. Ila banio la zege halivuji. Lango likiachwa wazi mwezi wa Septemba linaweza kuuchukua karibu mto mzima mdogo na kuuingiza mferejini. Vibali vya maji navyo viliandikwa lita kadhaa kwa sekunde kwa kuangalia wingi wa masika, kana kwamba mto una ujazo mmoja mwaka mzima. Mwenye kibali akiisoma karatasi yake Oktoba, anaona haki yake ni kubwa kuliko mto wenyewe.

Maji hayo ya kiangazi yanafanya nini mferejini? Mengine yanamwagilia bustani na vitalu. Mengine yanafyatua matofali. Mengine yanaenea tu kwenye majaruba yaliyovunwa na kukauka. Na mengine, hili tusilisahau, yananywewa na binadamu. Kwa vijiji vingi vya Usangu mfereji wa mpunga ndiyo bomba. Mama akitaka kupika, kufua au kumwogesha mtoto, anachota humo.

Ng'ombe ana makosa yake

Nisingependa mtu asome hadi hapa akadhani nawatetea ng'ombe kwa kila jambo. Ng'ombe wakiwa wengi mahali pamoja wanaharibu maji kwa njia ambazo hazionekani katika lita wanazokunywa. Kwato zinabomoa kingo za mto na kufukia chemchemi. Njia za mifugo, zikipitwa mwaka hadi mwaka, zinageuka makorongo yanayopeleka udongo mtoni. Kinyesi na mkojo vinaingia kwenye maji yaleyale ambayo kijiji cha chini kinachota. Uharibifu huu wa ubora wa maji ni wa kweli, na watoto wanaougua tumbo hawajali kama tatizo linaitwa ubora au wingi.

Tena kuna kosa moja ambalo sijaona likitajwa sana. Maksai wa Wasukuma ndio waliorahisisha kupanua majaruba. Mtu aliyekuwa na jembe la mkono na robo ekari akapata plau na ekari tatu. Wafugaji wengi wenyewe wakawa wakulima wa mpunga, na wakulima wengi wakanunua ng'ombe kwa fedha za mpunga. Baada ya mavuno mifugo huingia majarubani kula mabua na kuacha samadi. Kwa hiyo mstari ulionyooka kati ya "mfugaji" na "mkulima" uliochorwa na operesheni haukuwepo katika maisha ya Usangu. Kama ng'ombe alipunguza maji ya Ruaha, alifanya hivyo zaidi kwa kuvuta plau kuliko kwa kunywa.

Na safari ya nyama haiishii malishoni. Ng'ombe wa Usangu anauzwa mnadani, anapakiwa lori, anachinjwa mjini. Machinjioni ndipo nyama inapogusana na maji kwa ukali kuliko kokote katika mlolongo wetu: kuosha mzoga mmoja na sakafu yake kunatumia mamia ya lita, na maji yanayotoka yamebeba damu, mafuta na mavi ya tumboni. Damu ikiingia kijitoni inamaliza hewa ya majini na kuua kilichomo. Miji yetu mingi haina mabwawa ya kusafishia maji hayo, au inayo yaliyojaa. Angekuwepo mtu anayetaka kuokoa maji dhidi ya biashara ya nyama Tanzania, ningemwomba aanzie hapo, nyuma ya ukuta wa machinjio, siyo Ihefu.

Lita 15,400

Sasa turudi kwenye ile takwimu. Umeiona: kilo moja ya nyama ya ng'ombe inatumia lita 15,400 za maji. Ni takwimu halali, wastani wa dunia uliokokotolewa na watafiti Mekonnen na Hoekstra huko Uholanzi. Mchele, kwa hesabu za aina hiyohiyo, ni lita 2,500 hivi kwa kilo. Ukiiweka takwimu hiyo Usangu bila kuifungua, ng'ombe ana hatia mara sita ya mpunga, na operesheni ya 2006 inaonekana kuwa sayansi.

Ifungue. Katika zile lita 15,400, takriban 14,400 ni maji ambayo watafiti wanayaita ya kijani: mvua iliyonyesha juu ya nyasi na mazao ya lishe, ikanyonywa na mizizi. Lita 550 hivi ni za bluu, zilizotolewa mtoni, ziwani au ardhini. Zilizobaki, kama 450, ni za kijivu, yaani maji ambayo yangehitajika kuzimua uchafu. Mvua iliyonyesha kwenye nyika ya Usangu ingeotesha nyasi hata kama hakuna ng'ombe wa kuzila. Haikuchukuliwa kwa mtu. Maji ya mpunga wa Usangu, kwa upande mwingine, kwa sehemu kubwa ni ya bluu: yametolewa mtoni kwa banio, na aliye chini ya mto hayapati.

Hii haimaanishi nyama haina deni la maji duniani. Inategemea ng'ombe anakula nini na chakula hicho kimenyweshwa na nani. Katika nyanda za Kansas na Texas nchini Marekani, ng'ombe wa nyama hunenepeshwa zizini kwa mahindi, na sehemu kubwa ya mahindi hayo humwagiliwa kwa pampu kutoka hifadhi ya maji ya chini ya ardhi iitwayo Ogallala, iliyo chini ya majimbo manane. Kuna sehemu ambako maji hayo yameshuka zaidi ya meta 30, na mvua ya kule hairudishi kinachovutwa. Pale, ukila nyama, unakula maji ya kale. Saudi Arabia nayo ilichimba maji ya chini ya jangwa kulimia majani ya ng'ombe wa maziwa, hadi serikali ikaamua kuyakomesha mashamba makubwa ya majani mabichi na kampuni moja kubwa ya maziwa ikawa imeshanunua ardhi Arizona, Marekani. Ng'ombe wa Kansas na ng'ombe wa Ihefu wana umbo moja na pembe mbili, ila mmoja anakula kutoka kisima kisichojazika na mwingine anakula mvua ya mwaka jana. Kuwahukumu kwa takwimu moja ni kosa la uchambuzi, na Usangu lilikuwa kosa lenye wahanga.

Baada ya ng'ombe kuondoka

Operesheni ile, bila kukusudia, ilikuwa jaribio. Kama mifugo ndiyo iliyokausha mto, basi mifugo ikiondoka mto ungerudi. Ng'ombe waliondolewa kwa wingi hadi 2007. Mpaka wa hifadhi ukasogezwa 2008. Mwaka 2010, mwaka wa ahadi ya London, ukafika ukapita, na Ruaha ukaendelea kukatika kila kiangazi. Mwishoni mwa 2022, zaidi ya miaka 15 baada ya operesheni, viongozi na wadau walikuwa wakijadili tena mto uliokaa zaidi ya miezi mitatu bila kutiririka ndani ya hifadhi. Baadhi ya wafugaji walikuwa wamerudi, ni kweli, na mifugo ikatajwa tena. Lakini kati ya ng'ombe na mto kulikuwa na miaka kadhaa ambapo kimoja kilipungua sana na kingine hakikubadilika.

Gharama haikuishia Usangu. Mifugo iliyosukumwa kusini ilifika kwenye mabonde ya Kilwa, Lindi na Rufiji, kwa watu ambao hawakuwa na desturi ya kuishi na makundi makubwa, na migogoro ya mashamba na maji ikaanza huko. Tatizo lilihamishwa pamoja na ng'ombe. Na bondeni Mbarali uhasama kati ya vijiji na mpaka wa hifadhi umeendelea. Aprili 2024 Benki ya Dunia ilisitisha malipo ya mradi wake wa utalii wa kusini, ambao ulikuwa na kipengele cha umwagiliaji upande wa juu wa mto Ruaha, kufuatia malalamiko ya wanavijiji na wafugaji.

Kisheria, mto una nafasi yake. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inaweka mbele kabisa maji ya matumizi ya nyumbani, kisha maji ya mazingira, ndipo yafuate mengine, umwagiliaji ukiwamo. Bodi ya Maji Bonde la Rufiji ina mamlaka ya kupanga upya vibali, kuandika ujazo wa masika mbali na wa kiangazi, na kudai malango yafungwe kati ya Julai na Novemba. Jumuiya za watumia maji zipo kwenye mito kadhaa na baadhi zimekuwa zikigawana zamu kwa uaminifu. Kinachopungua ni vipimo: mahali pengi hakuna anayejua lita ngapi zinaingia mferejini saa hii, na pasipo kipimo, anayelaumiwa atakuwa tena yule anayeonekana kutoka barabarani.

Na kuna kitu kidogo kuliko hifadhi, kuliko mabwawa na kuliko operesheni, ambacho watafiti walikitaja mapema na bado hakijakamilishwa. Ni visima na mabomba ya vijiji. Kijiji chenye kisima kinachofanya kazi kinaweza kufunga banio lake Septemba, maji yakateremka Ihefu. Kijiji kisicho nacho hakiwezi, na mimi sitamlaumu mama anayetoka usiku kwenda kufungua lango ili asubuhi apate ndoo mbili.